Taa ya Vifaranga Inapozimika Usiku: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Kwa mfugaji wa kuku, taa inayozimika saa nane usiku si jambo dogo. Vifaranga wa siku moja hawana manyoya ya kuwakinga na baridi, na miili yao bado haiwezi kujitengenezea joto la kutosha. Wakikosa joto hurundikana pembeni ili kupashana, na walio chini hukanyagwa na kukosa hewa. Kufikia asubuhi, pesa za karo zilizotarajiwa kutoka kwa kuku hao zinaweza kuwa zimekwisha.

Hatari hii ni kubwa katika eneo letu. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku huko inajulikana. Mji wa Bungoma uko chini zaidi, karibu mita 1,400, lakini wakaazi wa miteremko ya Mlima Elgon wanaijua baridi hiyo vilevile. Katika wiki ya kwanza, vifaranga wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Baada ya hapo joto hupunguzwa kwa takriban nyuzi tatu kila wiki, hadi manyoya yaote.

Taa inapozimika, mfugaji asikimbilie kununua balbu nyingine. Afuate hatua hizi kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza: Je, ni nyumba nzima au ni taa moja?

Ikiwa nyumba nzima iko gizani, angalia kwa jirani. Kama kwake pia ni giza, umeme umepotea katika mtaa. Piga ripoti kwa Kenya Power kupitia nambari 97771. Kama kwake kunawaka, angalia mita yako. Mara nyingi kosa ni tokeni kuisha. Balbu mbili za joto za wati 250 zikiwaka saa 12 hutumia uniti 6 kwa usiku mmoja. Anayelala akiwa na uniti 4 ajue kwamba taa itazimika kabla ya alfajiri.

Hatua ya pili: Je, swichi kuu imeruka?

Swichi ya ukutani inayojizima yenyewe inatoa onyo. Huenda vyombo vingi vinatumia laini moja, waya umechubuka na kugusana, au maji yameingia mahali. Katika banda la vifaranga, maranda yaliyolowa na vyombo vya maji vilivyo karibu na waya ni chanzo cha kawaida. Chomoa vyombo vyote kwanza, kisha uirudishe swichi mara moja tu. Ikiruka tena, usiilazimishe, mwite fundi. Kamwe usiweke kipande cha waya mahali pa fyuzi. Fyuzi huungua ili nyumba isiungue.

Hatua ya tatu: Balbu, soketi au kishikio?

Ikiwa ni taa ya vifaranga pekee iliyozimika, jaribu soketi kwa kuchomeka chaja ya simu. Simu ikipokea chaji, soketi ni nzima. Chomoa taa, subiri ipoe, kisha ujaribu balbu nyingine. Balbu mpya isipowaka, tatizo liko kwenye kishikio au kwenye waya. Kagua kama kuna plastiki iliyoyeyuka, alama nyeusi au harufu ya kuungua. Balbu ya wati 250 haifai kuwekwa katika kishikio cha plastiki. Inahitaji cha kauri.

Hatua ya nne: Je, inazimika na kuwaka yenyewe?

Hapa wengi huchanganyikiwa. Kama kuna kifaa cha kudhibiti joto, taa huzimika joto linapotosha na kuwaka linaposhuka. Hilo si kosa. Lakini kama kifaa hicho hakipo, shuku muunganisho uliolegea. Chuma hutanuka kikipata joto, muunganisho ukaachana, taa ikazimika; kikipoa, taa ikarudi. Muunganisho wa namna hii hutoa cheche, na cheche juu ya maranda makavu ni moto. Usiitumie taa hiyo hadi itengenezwe.

Taa za LED zina sababu nyingine: zikifungiwa mahali pasipo na hewa, kifaa chake cha umeme hupata joto kupita kiasi na kujizima hadi kipoe. Wenye matangi ya samaki nyumbani na hotelini hukutana na tatizo hili pale kifuniko kinapojaa vumbi na unyevu. Dawa ni kuisafisha taa ikiwa imechomolewa, kuipa nafasi ya hewa, na kuuacha waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone ya maji yadondoke sakafuni. Ikumbukwe pia kwamba balbu ya LED hutoa mwanga bila joto la kutosha, hivyo haiwezi kulea vifaranga.

Wanaotumia sola

Betri ya volti 12 yenye uwezo wa 100 Ah, ikitumiwa nusu ili isiharibike, hutoa takriban wati-saa 600. Balbu moja ya wati 250 huimaliza kwa muda unaozidi saa mbili kidogo, kisha kidhibiti huzima taa ili kuilinda betri. Kwa hiyo sola ndogo ya nyumbani itumike kwa mwanga, na joto litafutwe kwingine.

Wakati taa haijarudi

Jaza mitungi maji ya moto, ifunge kwa magunia na uiweke kati ya vifaranga. Punguza ukubwa wa banda kwa kadibodi. Jiko la makaa liwashwe nje hadi moshi uishe, na banda liachwe na nafasi ya hewa kupita, kwa sababu makaa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua. Mtu yeyote asilale katika chumba chenye jiko.

Kabla ya kulala, mfugaji ahakikishe mambo manne: tokeni zinatosha, taa imening'inizwa kwa mnyororo wala si kwa waya wake, iko sentimita 45 hadi 60 juu ya maranda, na maji yako mbali na umeme. Kisha awatazame vifaranga wenyewe. Wakijikusanya chini ya taa, wanahisi baridi. Wakikimbilia kuta, joto limezidi. Wakitawanyika kwa utulivu, wako sawa.

Kazi ya nyaya ifanywe na fundi aliye na leseni ya EPRA. Kwa ushauri kuhusu ulezi wa vifaranga, wakaazi wamwone afisa wa mifugo wa wadi yao.