Umatengo Uende Vienna

Vijana wa Ruvuma wanaosoma jiolojia, udongo na maji huniuliza swali moja kwa namna nyingi: mtu anafikaje kwenye mkutano wa EGU kule Vienna, na akishafika afanye nini? EGU ni umoja wa wanasayansi wa dunia wa Ulaya. Mkutano wake wa kila mwaka, ambao kwa kawaida huangukia Aprili, umekuwa ukikusanya watu zaidi ya 15,000 miaka hii ya karibuni. Nimewahi kwenda nikiwa na bango kuhusu ngoro, yaani mashimo ya kilimo ya miteremko ya Umatengo. Nitaeleza yaliyonifaa, na nitakawia kwenye yale ambayo tovuti ya mkutano haitakuambia.

Anza na ardhi unayoijua kwa miguu yako. Nimeona wanafunzi wetu wakichagua mada kwa sababu imevuma Ulaya, kisha wanajikuta wakishindana na watu wenye maabara nzima nyuma yao. Mtu aliyekulia miteremko ya Litembo, huko Umatengo, ana kitu ambacho maabara haina. Anajua kwamba mvua zikikaribia ukingoni, mnamo Machi, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana hadi zifanye miraba, na kwamba wanawake huja na majembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo unaotoka shimoni. Maharage hupandwa juu ya kingo, na mahindi hufuata msimu unaokuja. Maji ya mvua hutua shimoni badala ya kuteremka na shamba, nyasi huoza na kuwa mbolea, na mteremko mkali hulimwa kizazi baada ya kizazi.

Miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Sokoine na watafiti kutoka Kyoto, Japani, walifanya kazi kubwa juu ya kilimo hiki. Basi usiende kuwaambia watu kwamba ngoro zipo, hilo limeshaandikwa. Nenda na swali. Langu lilikuwa hili: siku ya mvua kubwa, udongo kiasi gani huteremka kutoka shamba la ngoro, na kiasi gani kutoka shamba la jirani lililolimwa matuta ya kawaida kwenye mteremko uleule? Swali dogo kama hilo, likiwa na vipimo vya kweli, linatosha kabisa kukupa nafasi.

Ikisiri ya maneno yasiyozidi 500 ndiyo mlango. Kwa kawaida hufungwa katikati ya Januari, na huambatana na ada ambayo hairudi hata ukikataliwa. Lakini tarehe ya kuandika ukutani ni nyingine. Maombi ya ufadhili wa safari hufungwa mapema zaidi, mara nyingi mwanzoni mwa Desemba, na anayeomba hutakiwa awe ameshatuma ikisiri. Kwetu sisi, kwa hiyo, mwaka wa mkutano huanza Oktoba. Mtu anayesubiri Januari ameshaupoteza msaada ambao ungembeba.

Viza ya Schengen itakula muda wako kuliko sayansi yenyewe. Ulizia mapema ni ubalozi upi unaopokea maombi ya Austria kutoka Tanzania kwa mwaka huo, kwa sababu mipango hii hubadilika. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Barua ya mwaliko, barua ya mwajiri au chuo, taarifa za benki na uthibitisho wa malazi viseme jambo moja kwa tarehe zilezile. Ukitoka Mbinga, hesabu pia safari ya Dar es Salaam ya kuacha alama za vidole: lami ya kwenda Songea ni nzuri, lakini basi la Songea hadi Dar linakula siku nzima. Panga shughuli zako zote za mjini ziingie kwenye safari hiyo moja.

Usibebe udongo. Najua unatamani kuwaonyesha ule wekundu wake, lakini Umoja wa Ulaya hauruhusu udongo wa kutoka kwetu kuingia kiholela, na sampuli za madini zinahitaji kibali kabla ya kutoka Tanzania. Beba picha zilizopigwa vizuri, pamoja na mchoro wa shimo wenye vipimo vyake. Bango lichapishe kwenye kitambaa, Dar es Salaam, ulikunje uliweke begini na nguo. Ubao wa pale ni mpana, karibu mita 2 kwa mita 1, hivyo maandishi yawe ya kusomeka na mtu aliyesimama hatua tatu nyuma. Nilimwona mtafiti mmoja na bango lililojaa maneno hadi pembeni, watu wakipunguza mwendo, wakikodoa macho, kisha wakipita. Picha moja kubwa ya mlima mzima uliochimbwa ngoro, iliyopigwa kutoka upande wa pili wa bonde, iliwasimamisha watu wangu kabla sijafungua mdomo.

Ukumbini ratiba itakutisha, maana vikao vingi huenda kwa wakati mmoja. Chagua viwili kwa siku na uvihudhurie kwa utulivu. Jiandae kuieleza kazi yako kwa dakika mbili, polepole, bila karatasi. Kisha, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi, watafute watu wanaochunguza ziwa letu la Nyasa. Wapo. Ukiwatafuta kwenye programu, andika Nyasa na andika Malawi pia, kwa sababu maandiko mengi ya kigeni hutumia jina la pili tu.

Mambo wanayoyajua yanatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2005 watafiti walichimba sakafu ya ziwa kwa mtambo uliofungwa juu ya tishari, upande wa Malawi, wakatoa nguzo ndefu za tope lililojipanga tabaka juu ya tabaka. Tope lile lilionyesha kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita palipita vipindi vya ukame vilivyoshusha maji kwa mamia ya mita. Ziwa ambalo leo lina kina cha mita 700 na ushei lilibaki sehemu ndogo tu ya lilivyo. Mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay anayeona maji yakipanda na kushuka mbele ya nyumba yake anastahili kulijua hilo. Matetemeko ya Karonga ya Desemba 2009 nayo yaliwaleta watafiti, na katika miaka iliyofuata vipimatetemeko viliwekwa pande zote mbili za ziwa, vingine chini ya maji. Muulize mtafiti wa namna hiyo, kwa heshima na bila woga: takwimu za upande wetu ziko wapi, na mwanafunzi wa Dodoma au Dar es Salaam anazipataje? Mara nyingi jibu huwa anwani ya hifadhi iliyo wazi kwa kila mtu, ambayo hakuna aliyewahi kututajia.

Jioni moja iache kwa ajili ya mji wenyewe. Chuo Kikuu cha Vienna kilianzishwa mwaka 1365, na jengo lake kuu la sasa, lililofunguliwa 1884, lina ua wa ndani wenye sanamu za maprofesa wake. Hapa ndipo alipofundisha Eduard Suess, aliyelipa bara kuu la kale jina la Gondwana. Mwaka 1891, akitumia maelezo na vipimo vya wasafiri kama Ludwig von Höhnel, aliyefika Ziwa Turkana na msafara wa Teleki mwaka 1888, Suess alieleza kwamba mabonde na maziwa ya Afrika Mashariki ni mpasuko mmoja mrefu wa ganda la dunia. Ziwa Nyasa lilikuwa ndani ya hoja hiyo. Miaka miwili baadaye mjiolojia John Walter Gregory alikuja Kenya kulikagua Bonde la Ufa kwa macho yake. Suess mwenyewe hakuwahi kukanyaga ufukwe wa Nyasa. Ukipita uwanja wa Schwarzenbergplatz utaona chemchemi kubwa iliyozinduliwa 1873 kusherehekea bomba la maji ya milimani, mradi alioupigania yeye. Nilisimama pale nikamheshimu kwa dhati: mjiolojia aliyeipa jamii yake maji safi. Nilijiuliza pia ni lini maelezo makuu ya bonde letu yataandikwa na mtu aliyezaliwa ndani yake.

Ukirudi nyumbani, kazi haijaisha. Chapisha bango dogo kwa Kiswahili, mpelekee afisa kilimo, na zaidi ya hapo uwapelekee wenye mashamba uliyoyapima. Chagua siku ambayo si ya shughuli nyingi, na hakikisha akina mama wanakuwepo, kwa kuwa mashimo yale ni kazi ya mikono yao. Nilipofanya hivyo, mama mmoja alitazama jedwali la udongo uliopotea, akaniuliza: nyasi zenyewe zinapungua kila mwaka, je, shimo lililochimbwa bila nyasi za kutosha chini ya kingo linashika maji vilevile? Vipimo vyangu vyote nilivichukua kwenye mashamba yenye nyasi tele. Sasa tumetenga vipande vya shamba lake, kimoja chenye nyasi kamili, kingine nusu, kingine bila kabisa, na yeye ndiye anayesoma kipimo cha mvua kila asubuhi. Jina lake litakuwa kwenye ikisiri ijayo, kati ya majina ya waandishi.