Kisu Kirefu au Matundu Madogo? Somo Kuhusu Upasuaji wa Saratani ya Utumbo



Katika kuzunguka kwetu Mji wa Kale, Majengo na ng'ambo ya Likoni, tumekuta zaidi ya kikundi kimoja kikichanga pesa za mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana. Swali huwa lile lile: "Apasuliwe kwa kisu cha kawaida, au tungoje pesa zitimie afanyiwe ile ya matundu?" Neno "tungoje" ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

Kwanza tuelewane ni kazi gani inayofanywa. Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya utumbo, inayofyonza maji na kutengeneza choo. Saratani ikiota humo, daktari hukata kipande chenye ugonjwa pamoja na sehemu nzima ya kila upande, na tezi zilizo jirani, maana ugonjwa hupitia kwenye tezi hizo kwenda kwingine. Halafu huunganisha ncha mbili zilizobaki. Pengine, hasa saratani ikiwa chini karibu na njia ya haja kubwa, utumbo hutolewa kwenye ngozi ya tumbo na mgonjwa huvaa mfuko wa choo, kwa muda au kwa maisha. Kazi ya ndani ni hiyo hiyo moja. Kinachotofautiana ni mlango wa kuingilia.

Katika upasuaji wa kufungua, tumbo hukatwa katikati, shibiri moja hivi, na daktari huingiza mikono akaona kwa macho yake. Katika ule wa matundu, hutobolewa matundu manne au matano, kila moja kama sentimita moja au chini yake. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksaidi ili lipate nafasi, kamera huingizwa tundu moja, vyombo virefu vyembamba matundu mengine, na daktari hufanya kazi akitazama runinga. Zote mbili ni za nusu kaputi. Na msidhani kipande cha utumbo hutoka kwenye tundu la upana wa kidole! Mwishoni lazima pakatwe mkato mdogo wa kukitoa. Kwa hiyo anayewaambia "hakuna kisu kabisa" anawauzia maneno.

Njia hii ilianza kutumika kwa utumbo mpana mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Marekani, na madaktari wengi waliiogopa. Walisikia habari za saratani kuota tena pale pale kwenye matundu. Basi ukafanywa utafiti mkubwa wa wagonjwa 872 katika hospitali 48 za Amerika Kaskazini, matokeo yakatolewa mwaka 2004. Baada ya miaka 3, saratani ilikuwa imerudi kwa wagonjwa 16 katika kila 100 waliofanyiwa ya matundu, na 18 katika kila 100 waliofunguliwa. Waliokuwa hai ni 86 na 85. Tofauti hiyo ni ndogo mno, wataalamu huihesabu kuwa sawa. Hofu ikapungua. Lakini na ninyi someni upande wa pili: mwenye kufunguliwa tumbo hakupewa dawa ya chini.

Faida ya matundu ni katika kupona. Maumivu hupungua, mgonjwa huanza kula mapema kidogo, na kidonda kidogo hakina taabu nyingi. Katika utafiti ule, hospitalini walilala siku 5 badala ya 6. Siku moja tu, mtasema. Ni kweli, lakini fikirini mtu anayerudi nyumbani Mji wa Kale, ambako gari haliingii vichochoroni, na ngazi za nyumba zimesimama wima. Au anayepanda feri kisha matatu ya kwenda Kwale kwenye barabara ya mashimo. Mshono mrefu huumia. Aliyefunguliwa huambiwa asinyanyue ndoo wala mzigo kwa wiki sita hivi, la sivyo kovu laweza kulegea likatoka ngiri. Hapa kikundi kina kazi kuliko daktari: nani atachota maji?

Matundu nayo yana mipaka. Upasuaji wenyewe huchukua muda zaidi: dakika 150 kwa 95 katika utafiti huo. Wagonjwa 21 katika kila 100 walioanza kwa matundu ilibidi wafunguliwe, na hilo si kosa la mtu, ni usalama. Utumbo ukiwa umeziba na tumbo limevimba, mara nyingi hufunguliwa moja kwa moja. Saratani ya sehemu ya mwisho kabisa ni ngumu zaidi kwa njia hiyo. Tafiti mbili zilizotolewa mwaka 2015 hazikuweza kuthibitisha kwamba matundu huisafisha sawasawa na kufungua, ingawa nyingine ya Ulaya mwaka huo huo ilikuta ugonjwa hurudi kwa kiasi kile kile. Hapo mkono uliozoea ndio muhimu.

Sasa tuje kwenye pesa. Hapa kisiwani kuna Coast General ya umma, na za kulipia kama Aga Khan, Pandya na Mombasa Hospital. Ya matundu kwa kawaida huwa ghali, maana vyombo vingine hutumika mara moja vikatupwa. Tangu Oktoba 2024 SHA imeshika nafasi ya NHIF. Ulizeni kabla ya siku yenyewe italipa kiasi gani na nyongeza ni ngapi. Kisha mwulizeni daktari bila kuona haya: "Daktari, umefanya upasuaji huu mara ngapi?" Na: "Kipande kitapelekwa maabara?" Hilo la pili wengi husahau. Maabara hutakiwa kupima tezi zisizopungua 12, na jibu lake ndilo linaloonyesha kama mgonjwa atahitaji dawa za saratani baadaye.

Maoni yetu ni haya. Kama upasuaji wa kufungua unapatikana wiki hii, na wa matundu ungoje harambee mbili zaidi, mgonjwa apasuliwe wiki hii. Saratani haingoji kamati. Wengi tayari wamechelewa, kwa kuwa waliona damu kwenye choo wakasema ni bawasiri, wakanywa dawa za mitishamba miezi na miezi. Damu kwenye choo, choo kubadilika kwa wiki kadhaa, kukonda na kuishiwa damu bila sababu, ni mambo ya kupimwa kwa kamera.

Maswali ya kujadili kikundini: Je, kikundi chetu kina mfuko wa dharura ya ugonjwa, au huanza kuchanga mtu akiwa kitandani? Mwenzetu akirudi na mshono, nani atashika zamu ya maji na kuni kwa wiki sita? Na je, yupo kati yetu anayeona damu akanyamaza kwa aibu?