Safari za Ng'ambo, Zamani na Siku Hizi

Watu wengi hudhani ya kuwa kwenda ng'ambo kumeanza kwa kuja ndege. Sivyo. Mwaka wa 1896 Mngazija mmoja, Selim bin Abakari, alifuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, na habari zake zikapigwa chapa mwaka wa 1901. Yeye alikwenda kwa kuwa bwana wake alikwenda. Lakini mwaka wa 1931 Martin Kayamba, Chifu Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba walivuka bahari kwa meli mpaka London ili watoe ushahidi juu ya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Hao waliitwa wao wenyewe, wakaulizwa maoni yao.

Kwetu Mbulu, msafiri ajulikanaye zaidi ni John Stephen Akhwari. Mwaka wa 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki katika mji wa Mexico. Njiani alianguka, akaumia goti. Akafungwa kitambaa, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amekwisha fika zaidi ya saa moja, na watazamaji wengi wamekwenda zao, ndipo Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, mtu wa 57 na wa mwisho. Wengine waliacha njiani. Alipoulizwa kwa nini yeye hakuacha, alijibu ya kuwa nchi yake haikumtuma mbali vile aanze mbio tu, bali azimalize.

Litazameni neno hilo, kutumwa. Aliyetumwa ana watu wanaomngoja na kumwulizia. Siku hizi kijana wa Tumati aweza kushuka Arusha, akapanda ndege Kilimanjaro, na kesho yake yuko Maskati, naye hakutumwa na mtu. Ameitwa na wakala anayemjua kwa simu tu. Hatusemi asiende, mshahara wa huko umejenga nyumba nyingi. Lakini wazazi na walimu wamwulize kabla ng'ombe hajauzwa, hasa msichana aendaye kufanya kazi za nyumbani: Mkataba u wapi, nao umeandikwa kwa lugha unayoisoma? Mwajiri ni nani, akaa mji gani? Nakala ya karatasi hizo imebaki kwa nani hapa nyumbani?

Tena ajue ya kuwa pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, wala tajiri hana haki ya kuifungia sandukuni. Ubalozi wa Tanzania uko Maskati. Anwani yake na iandikwe katika karatasi, isiwekwe katika simu peke yake, maana simu nayo hunyang'anywa.