Kuchagua Kiwanja cha Michezo cha Watoto

Kiwanja chema cha watoto hakipimwi kwa wingi wa bembea zake, bali kwanza kwa ardhi iliyo chini yake. Mtoto akianguka kutoka kimo cha mita 2, hufika chini kwa mwendo wa takriban mita 6.3 kwa sekunde, awe mzito au mwepesi. Kani inayomwumiza hutegemea umbali anaoutumia kusimama. Ardhi ngumu ikimsimamisha katika sentimita 1, wastani wa kani hiyo huwa kiasi cha mara 200 ya uzito wake. Mchanga tifutifu ukimsimamisha katika sentimita 10, huwa kiasi cha mara 20 tu. Ndiyo sababu saruji na lami havifai chini ya bembea. Mchanga nao hushindiliwa na miguu na mvua. Hauna budi kutifuliwa mara kwa mara.

Zoezi: Wanafunzi wazuru kiwanja kilicho jirani na shule, wakiwa na rula na kijiti. Wapime kimo cha bembea, kisha kina cha mchanga tifutifu mahali penye nyayo nyingi. Je, mtoto akianguka hapo atasimama katika sentimita ngapi? Vipimo hivyo vipelekwe kwa viongozi wa mtaa.