Hatari za Kujitibu kwa Dawa za Dukani

Kujitibu ni kutumia dawa pasipo kupimwa wala kushauriwa na mtu mwenye ujuzi wa tiba. Tabia hii imeenea miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu, na sababu zake si ngumu kuelewa. Mwanafunzi huishi bwenini, mbali na wazazi. Foleni ya zahanati ni ndefu na mtihani uko karibu. Jirani yake ana vidonge vilivyobaki. Na elimu aliyo nayo humpa imani kwamba aweza kujiamulia. Kutuliza maumivu madogo kwa dawa ya dukani si kosa. Dawa hizo zimeruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari kwa kuwa ni salama zikitumiwa kwa kipimo chake. Sharti hilo la kipimo ndilo linalosahauliwa.

Kuzidisha kipimo

Tuchukue mfano wa parasetamoli. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500, na mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4, yaani vidonge 8, katika saa 24. Sehemu kubwa ya dawa hii hugeuzwa na ini kuwa vitu visivyodhuru, vikatoka kwa njia ya mkojo. Sehemu ndogo hugeuka sumu, lakini ini lina akiba ya kemikali iitwayo glutathioni, ambayo huizima sumu hiyo. Dawa ikizidi mno, akiba huisha na sumu huanza kuua seli za ini. Anayeshinda na njaa, au anayekunywa pombe kwa wingi, yumo katika hatari zaidi.

Siku ya kwanza mgonjwa huweza kuhisi kichefuchefu tu, au asihisi lolote. Maumivu ya tumbo upande wa kulia na macho ya manjano hufuata baadaye, ini likiwa limekwisha kudhurika. Ipo dawa ya kuizuia sumu hiyo, asetilisisteini, nayo hufaa zaidi ikitolewa kabla ya saa 8 kupita. Kwa hiyo aliyezidisha kipimo na aende hospitali mara moja, hata kama hajioni mgonjwa.

Wengi huzidisha pasipo kujua, kwa kuwa hutazama jina la biashara badala ya kutazama kilichomo. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake.

Kuuficha ugonjwa

Homa ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe ni kitu kingine. Parasetamoli huishusha homa ya malaria, lakini haiviui vimelea vinavyoileta. Mwanafunzi hupata nafuu ya saa chache, akaendelea na masomo, huku vimelea vikiongezeka katika damu yake. Malaria iletwayo na vimelea vya Plasmodium falciparum ikicheleweshwa huweza kuua. Mwenye homa apimwe damu kwanza.

Kutumia antibiotiki ovyo

Antibiotiki huua bakteria. Mafua huletwa na virusi. Anayemeza antibiotiki kwa ajili ya mafua hapati faida, ila huwapa bakteria walio mwilini mwake nafasi ya kuizoea dawa: walio dhaifu hufa, walio sugu husalia na kuzaana. Kumeza vidonge vichache vilivyobaki kwa rafiki huleta hatari hiyo hiyo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo juu ya kipimo pungufu alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Usugu huo hauishii kwa aliyeukosea mwili wake. Bakteria hao huweza kumwambukiza mtu ambaye hajapata kujitibu kamwe.

Zoezi la darasani

1. Mwanafunzi amemeza vidonge 2 vya parasetamoli vya miligramu 500, mara 4 kwa siku. Siku hiyo hiyo amemeza dawa ya mafua yenye miligramu 500 za parasetamoli, mara 3. Amemeza gramu ngapi kwa jumla? Amezidi kwa kiasi gani?

2. Leteni paketi tupu za dawa kutoka nyumbani. Andikeni jina la biashara la kila moja, kisha mandikieni kando yake kemikali iliyomo na kiasi chake. Je, ni ngapi zenye majina tofauti na kemikali ile ile?