Kabla Mifugo Haijauawa: Mwongozo wa Madai ya Fidia kwa Wafugaji na Wakulima wa Yaeda Chini

Mwongozo huu unawahusu wafugaji na wakulima wa Yaeda Chini na vijiji jirani, upande wa Mbulu na upande wa Hanang, ambao mifugo au mazao yao yanaweza kuteketezwa kwa amri ya Serikali ili ugonjwa usienee.

Tofautisha kwanza aina ya hasara. Ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa ni jambo moja; aliyeuawa kwa amri ya mtaalamu wa Serikali ni jingine, na huyo wa pili ndiye msingi wa hoja ya fidia. Shamba lililovamiwa na tembo lina utaratibu wake wa kifuta jasho, chini ya kanuni za wanyamapori za mwaka 2011. Dai hilo hupelekwa kwa afisa wanyamapori, si kwa afisa mifugo.

Mamlaka ya kuweka karantini na kuamuru mifugo iuawe yanatokana na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003. Kwa mimea ipo Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya 2020, inayosimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) yenye makao makuu Arusha. Usipinge amri halali, lakini iombe kwa maandishi: ugonjwa gani, kifungu kipi cha sheria, wanyama wangapi, nani ameamuru na kwa cheo gani. Uliza papo hapo kama fidia italipwa na ofisi ipi itashughulikia dai, kisha omba jibu liandikwe.

Orodha ya mifugo ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na ikamilike wanyama wakiwa bado hai. "Ng'ombe 23" haitoshi. Andika kila mnyama kwa mstari wake: dume, maksai, mtamba, ndama, jike lenye mimba, jike linalokamuliwa, rangi, umri, chapa, namba ya hereni kama anayo. Jike lenye mimba ya miezi saba halilingani kwa thamani na jike tasa, na baada ya kufukiwa hakuna atakayeweza kuthibitisha tofauti hiyo. Piga picha. Afisa mifugo, mtendaji wa kijiji na jirani mmoja waweke sahihi, nawe ubaki na nakala.

Safu ya mwenye mnyama isiachwe wazi. Katika boma moja, la Mdatoga au la Mwiraqw, mna ng'ombe wa baba, wa mama aliopewa alipoolewa, wa mjane wa ndugu, na wa rafiki aliyewaleta walishwe. Jina la mkuu wa boma likiandikwa peke yake, malipo yatatoka kwa jina hilo, na mjane atabaki akidai ndani ya ukoo kitu ambacho karatasi haikumtambua. Mama asimame kwenye zizi siku ya kuhesabu, aonyeshe wa kwake.

Kwa bei, hifadhi stakabadhi za mnadani, zako na za majirani, za miezi ya karibuni. Kwa mahindi au vitunguu, eneo lipimwe kabla ya kung'oa, na hatua ya zao iandikwe.

Wapo wanaoswaga mifugo usiku wakisikia karantini inakuja. Hilo linasambaza ugonjwa kwa wenzako, ni kosa bila kibali, na linadhoofisha dai lako. Toa taarifa mapema. Mzoga unaoshukiwa kuwa na kimeta usipasuliwe wala kuliwa, hata kama unahitaji ushahidi; mwite mtaalamu.

Malipo ya namna hii yanawezekana. Mwaka 1996 Botswana iliua ng'ombe wapatao 320,000 huko Ngamiland kutokomeza homa ya mapafu, na wafugaji walilipwa fidia.

Dai liandikwe kwa mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, nakala kwa afisa mifugo wa wilaya, au kwa afisa kilimo ikiwa ni mazao. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Likikwama, andikia Wizara ya Mifugo na Uvuvi au Wizara ya Kilimo, Dodoma. Mahakama ni hatua ya mwisho: Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka kwanza notisi ya siku 90, nakala yake ikifika kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mtafute wakili au msaidizi wa kisheria kabla ya kuiandika.