"Hao Ni Watoto Tu": Mtoto Akionewa Shuleni, Mzazi Ana Haki Gani?

Sweta imechanika begani, chakula cha mchana kimeliwa na wengine, na kila Jumapili jioni tumbo la mtoto linaanza kuuma bila ugonjwa wowote. Wazazi wengi nchini Kenya wanajua kinachofuata. Mama anafika shuleni Jumatatu asubuhi, anasubiri kwenye benchi nje ya ofisi, kisha mwalimu mkuu anamwambia kwa upole, "Mama, hao ni watoto tu. Tutaliangalia." Wiki tatu baadaye sweta ya pili inachanika. Mama akiulizwa ni nani aliyeahidi nini, na siku gani, hana hata kipande cha karatasi.

Haki nyingi za watoto hupotelea hapo, kwenye ahadi za mdomo. Si kwamba sheria haipo.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na ukatili wa kila aina, na kinaagiza kwamba maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa, kutendewa ukatili au kudhalilishwa, iwe kwa mwili au kwa akili. Anayekivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Kifungu hiki hutajwa zaidi mwalimu anapomchapa mtoto viboko, lakini anayelindwa humo ni mwanafunzi, hata anayemtesa akiwa mtu mwingine.

Kwa mzazi anayezungushwa, hata hivyo, silaha kubwa zaidi ni kifungu cha 59 cha sheria hiyohiyo. Kinataja majukumu ya Bodi ya Usimamizi ya shule, na mojawapo ni kushughulikia ustawi wa wanafunzi na kuhakikisha usalama wao. Kwa hiyo usalama wa mtoto wakati wa mapumziko ni kazi ambayo bodi imepewa kisheria. Mzazi anayeuomba haombi hisani.

Afanye nini basi? Aandike barua. Kwanza kwa mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu, na wakinyamaza, kwa mwenyekiti wa bodi. Barua nzuri haina matusi wala historia ya familia ya mtoto mwingine. Ina tarehe, mahali na kilichotokea: "Jumanne saa nne asubuhi, nyuma ya vyoo vya wavulana, alisukumwa na wanafunzi watatu akaumia kiwiko." Iambatanishwe na picha ya jeraha, na cheti cha daktari ikiwa mtoto alipelekwa zahanati. Kisha iombe mambo yanayotekelezeka, na iombe jibu la maandishi kwa tarehe maalumu. Nakala ya mzazi ipigwe muhuri wa shule au itiwe sahihi na aliyeipokea. Hatua hii ndogo huonekana kama ukaidi, na wazazi wengi huionea haya. Lakini bila muhuri huo, shule inaweza kusema haikuwahi kuambiwa.

Mzazi anaweza pia kuuliza shule ilifanya nini baada ya kupokea malalamiko. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma iamue ombi la habari ndani ya siku 21. Ikikaa kimya, malalamiko hupelekwa bila malipo kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huiita Ombudsman. Bodi ya shule ikishindwa, kuna Bodi ya Elimu ya Kaunti, na asiyeridhika na uamuzi wa bodi hiyo ya kaunti anaweza kukata rufaa katika Mahakama Maalumu ya Rufaa za Elimu.

Kuna mipaka, na ni haki wazazi waambiwe. Kudai mtoto mwingine afukuzwe shule papo hapo ni kujipotezea nguvu, maana sheria imeweka masharti mazito kabla ya mwanafunzi kufukuzwa. Polisi nao hawawezi kumfungulia mashtaka kila mtoto: tangu Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kwa kosa la jinai. Awali umri huo ulikuwa miaka minane. Wengi wanaosukumana uwanjani hawajafika 12. Lakini kukiwa na jeraha kubwa, au shambulio la kingono, mzazi asisubiri kikao cha bodi. Aende hospitali na kituo cha polisi siku hiyohiyo, tukio liandikwe katika kitabu cha matukio (OB), na asiondoke bila namba yake.

Na kuingia shuleni kumwadhibu mtoto wa mwenzio kwa mkono? Hasira hiyo inaeleweka kabisa. Lakini inamgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa.

Mwaka 2017, Wizara ya Elimu ilichunguza madai kwamba viranja wa Shule ya Upili ya Alliance walikuwa wakiwapiga wanafunzi wa Kidato cha Kwanza, wale wanaoitwa "mono". Mwalimu mkuu aliishia kustaafu mapema. Shule yenye sifa kubwa kiasi hicho ilitikisika kwa sababu jambo lilitoka nje ya kuta zake, likachunguzwa na kuandikiwa ripoti.

Kabla ya barua ya kwanza, kuna mtu wa kusikilizwa: mtoto mwenyewe. Asipotaka kumwambia mzazi, anaweza kupiga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, usiku au mchana. Mzazi amwulize bila kumhoji kama polisi: ni saa ngapi, ni wapi, nani huwa karibu? Mara nyingi jibu lina suluhisho ndani yake. Ikiwa ni nyuma ya vyoo, saa nne, basi barua iombe hilo hasa: mwalimu wa zamu asimame nyuma ya vyoo saa nne, kuanzia kesho.